Kutoka "Kwetu" hadi "Kwangu": Vijana na Wazazi wao katika Miji ya Gitega na Muyinga

Katika somo la Kiswahili, mada ya familia hufundishwa mapema sana. Mwanafunzi hujifunza baba, mama, kaka, dada, shangazi na mjomba katika wiki za mwanzo, huandika insha fupi iitwayo "Familia yangu", na mada hufungwa. Baada ya hapo familia hurudi darasani kwa njia ya methali tu. Jambo linalowashughulisha wanafunzi wenyewe, ambao wengi wana umri wa miaka 13 hadi 20, halipati kipindi: namna ya kubaki mtoto wa nyumbani huku umeanza kujiamulia mambo yako.

Katika makala haya tunajaribu kueleza jinsi familia za Gitega na Muyinga, nchini Burundi, zinavyopima ukaribu na uhuru mtoto anapobalehe, na jinsi lugha inavyohusika katika kupima huko. Miji hii miwili hailingani. Gitega uko katikati ya nchi, ni mji wa shule na makanisa, na tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa. Muyinga uko kaskazini mashariki, njia ya Kobero, mpakani na Tanzania. Hadi mageuzi ya mwaka 2025 ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilohilo, na sasa umo katika mkoa wa Buhumuza. Kote kuwili Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa karibu kila familia. Kiswahili kipo pia, lakini kimeingia kwa mlango mwingine, nasi tutarudi hapo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindania dhana hii. La kwanza ni uhuru, ambalo Mrundi hulisikia zaidi likihusu taifa: Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962. La pili ni kujitegemea, ambalo walimu wengi hulifahamu kutokana na "Elimu ya Kujitegemea", waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967. Kirundi kwa upande wake huita uhuru wa nchi ukwikukira. Tazama kwamba ndani ya kwikukira kuna kiambishi -i- cha kujirejea, kama vile -ji- ilivyo ndani ya kujitegemea. Lugha zote mbili zinauona uhuru kama jambo ambalo mtu hujifanyia. Haziuoni kama kitu anachopewa.

Hata hivyo, mzazi wa Gitega ukimwambia kwamba mtoto wake wa miaka 16 anataka "uhuru", atashtuka. Ukimwambia kwamba mtoto anajifunza kujitegemea, atafurahi. Mtoto ni yuleyule, na huenda jambo analolitaka ni lilelile. Ndiyo maana tunapendekeza neno la tatu, ambalo ni dogo na lipo kila siku vinywani mwetu: kwangu.

Mswahili akiwa bado kwa wazazi wake husema "nyumbani kwetu", hata kama hana ndugu hata mmoja. Hasemi "nyumbani kwangu" ila awe na nyumba yake. Mrundi vilevile husema iwacu, yaani kwetu, na huchelewa sana kusema iwanje, yaani kwangu. Mwalimu anayesahihisha insha za vidato vya juu ataona jinsi wanafunzi walivyo waangalifu hapa. Watakosea upatanisho wa ngeli, watakosea tahajia, lakini ni nadra kijana kukosea "kwetu" na "kwangu". Anajua kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna safari ndefu, na kwamba yuko njiani.

Safari hiyo zamani ilikuwa na vituo vinavyojulikana. Tofauti na pwani, ambako jando na unyago vilimtoa mtoto utotoni kwa siku maalumu, na msichana akakabidhiwa kwa somo au kungwi, Warundi hawakuwa na tohara wala sherehe moja ya kuingia utu uzima. Kijana alikua kwa kazi. Mvulana aliongozana na baba yake katika kuchunga, kulima na kujenga. Akapewa mbuzi wa kumtunza, kisha sehemu ya shamba ailime mwenyewe. Msichana alikuwa na mama yake shambani na jikoni, na mapema sana alikabidhiwa wadogo zake. Yaliyohusu mwili na ndoa hayakuzungumzwa na mama. Hayo yalikuwa ya shangazi, dada wa baba, ambaye Kirundi humwita inasenge. Kwa mvulana, mjomba, inarume, alikuwa mtu wa kukimbilia anapokorofishana na baba.

Mpango huo una busara ambayo ni rahisi kuipuuza. Mama hakulazimika kuwa kila kitu kwa binti yake. Alibaki mama, mwenye kuheshimiwa na kuonewa haya, na maneno yanayohitaji uwazi yakapewa mtu mwingine wa damu moja asiyelala chini ya paa hilo. Mtoto alipata faragha bila kutoka katika ukoo. Warundi wana methali isemayo Umwana si uw'umwe, yaani mtoto si wa mtu mmoja, na kwa kawaida hutajwa ili kuhimiza majirani washiriki katika malezi. Sisi tunaona ina upande wa pili: mtoto ambaye si wa mtu mmoja hawezi kubanwa na mtu mmoja. Linganisha na methali yetu ya Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ambayo humtwika mama mzigo wote na kuufanya ulimwengu kuwa fimbo.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyumba. Kijana wa kiume aliyekaribia kuoa alijenga nyumba yake ndogo katika ardhi ya baba, hatua chache kutoka mlango wa wazazi. Akilala huko, alikula kwa mama. Alikuwa na mlango wake mwenyewe, lakini moshi wa jikoni kwa mama yake ulimfikia. Kirundi bado hutumia kitenzi cha kujenga kwa maana ya kuoa na kuanzisha mji: kwubaka urugo. Mtu asiyejenga hajawa mtu mzima kamili, hata awe na ndevu.

Wanasaikolojia walichelewa kuuelewa mpango wa namna hii. Kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema kwamba kazi ya kijana ni kujitenga na wazazi wake, na asiyejitenga hajakomaa. Mtaalamu wa Uturuki, Çiğdem Kağıtçıbaşı, alipinga wazo hilo, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1996. Alieleza kwamba kujiamulia na kuwa karibu na watu ni mambo mawili tofauti, si ncha mbili za kamba moja. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, anaweza kukosa vyote viwili. Naye Bame Nsamenang wa Kamerun, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za Afrika mtoto hukomaa kwa kukabidhiwa majukumu ndani ya familia. Anayetumwa sokoni na pesa za nyumbani anafundishwa kuamua, ingawa hakuna aliyemwuliza maoni yake. Tukitazama Gitega na Muyinga kwa macho ya wataalamu hao wawili, mengi yanayoonekana kama ukali wa wazazi hugeuka kuwa mafunzo. Lakini si yote. Kuna ukali ambao ni ukali tu.

Sasa vituo vile vya zamani vimelegea, na kwa sababu za wazi.

Sababu kubwa ni ardhi. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu wapatao milioni 8 nchini Burundi. Ile ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya milioni 12. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba zisizofika 28,000, kwa hiyo kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 400, na walio wengi wanaishi kwa kilimo. Baba mwenye wana wanne na shamba lisilofika nusu hekta atamgawia nani mahali pa kujenga? Sheria ya familia ya mwaka 1993 inamruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 21 na mwanamke miaka 18, lakini sheria haitoi kiwanja. Matokeo yake ni kijana wa miaka 23 au 24 ambaye bado anasema iwacu, anayelala chumba kimoja na mdogo wake, na ambaye baba yake hajui amchukulie kama mtoto au kama mtu mzima mwenzake. Ugomvi mwingi unaoitwa utovu wa nidhamu, kwa maoni yetu, ni ugomvi wa ardhi uliovaa nguo nyingine. Kwa binti hali ni ngumu zaidi, kwa sababu urithi wa ardhi umeachiwa mila, na mila humpa mtoto wa kiume. Yeye "kwangu" yake huitegemea kwa mume.

Sababu ya pili ni shule. Kabla ya mwaka 2013, mtoto alimaliza miaka sita ya shule ya msingi, akafanya mtihani wa taifa, na akifaulu huenda akapangiwa shule ya bweni mbali na kwao akiwa na miaka 12 au 13. Mageuzi ya mwaka 2013 yaliunda shule ya msingi ya miaka tisa, na darasa la saba hadi la tisa sasa mtoto huzisomea karibu na nyumbani. Mageuzi hayo yalijadiliwa kama suala la mitaala. Ndani ya familia yalikuwa suala jingine kabisa: miaka mitatu ya kwanza ya balehe, ambayo zamani baadhi ya watoto waliipitisha bwenini, ilirudishwa nyumbani. Wazazi waliozoea kumkabidhi kijana kwa msimamizi wa bweni wakajikuta wao ndio wasimamizi. Wengine walishukuru. Wengine waligundua kwamba hawakuwa na maneno ya kusema naye.

Gitega, mji wenye shule nyingi za sekondari, hupokea pia vijana wa kutoka vilimani ambao hupanga chumba au kukaa kwa ndugu ili wasome. Hapa ndipo tunapoona ukaribu wa aina mpya. Mama aliyeko kijijini hutuma maharage na unga kwa baiskeli au kwa basi, hutuma pesa kidogo kwa simu, na mara moja kwa wiki hupiga simu kuuliza kama mtoto amekula. Haulizi mengine. Kijana akisikia "umekula?" anaelewa kwamba ameulizwa habari zake zote. Tunawaomba wanafunzi wetu wanaotoka nchi za mbali wasilidharau swali hilo wanapojifunza mazungumzo ya simu. Halimo katika orodha ya salamu za kitabuni, lakini ndiyo salamu yenyewe.

Na akirudi likizo? Neno karibu, kama tujuavyo, ni neno la umbali na ni neno la kumpokea mgeni. Mtoto wa nyumbani haambiwi karibu, anaingia tu. Mama akimwambia mwanawe aliyetoka Gitega, "Karibu, mgeni," wote wawili hucheka, kisha kwa muda mfupi hakuna anayecheka.

Muyinga una hadithi yake. Kobero ni kituo cha mpakani ambako malori yatokayo Dar es Salaam huingia Burundi, na upande wa pili ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Kijana wa Muyinga anayetaka pesa zake hahitaji kungoja shamba la baba. Anaweza kubeba mizigo, kusukuma baiskeli yenye shehena, kuuza matunda kwa madereva, au kuvuka kwenda kulima mashamba ya watu Tanzania. Kuvuka huko Warundi hukuita gupagasa, neno linalotukumbusha pagazi wetu. Si jambo jipya: wakati wa ukoloni vijana wa Burundi walikwenda Uganda na Tanganyika kutafuta kodi na mahari, wakarudi na nguo, fedha na maneno ya Kiswahili. Baba anayemkataza mwanawe kwenda Kobero mara nyingi ni mjukuu wa mtu aliyekwenda mbali zaidi ya hapo.

Anachoogopa baba huyo si kazi. Anaogopa kwamba pesa zitamfanya kijana asisikie. Kwa hiyo familia nyingi zina kanuni isiyoandikwa: unayopata unaonyesha nyumbani kwanza, hata kama ni kidogo, hata kama utarudishiwa yote. Anayeleta sukari na sabuni kwa mama yake anaruhusiwa kurudi usiku. Asiyeleta kitu anaulizwa alikuwa wapi. Wageni huweza kuona hapa unyonyaji wa watoto, na mahali pengine upo kweli, hasa mtoto anapoachishwa shule. Lakini kanuni yenyewe ni namna ya kununua uhuru kwa sarafu ya ukaribu, na vijana wanaijua bei yake vizuri sana.

Tunafika sasa kwenye Kiswahili. Wajerumani walipoufanya Gitega kituo chao cha utawala mwaka 1912, walikuja na askari, makarani na wafanyabiashara waliosema Kiswahili. Wabelgiji waliofuata, pamoja na wamisionari, hawakukipenda. Walikiona kuwa lugha ya Uislamu na ya mijini, kikaachwa katika vitongoji vya Waswahili. Tangu hapo neno umuswahili kwa Kirundi likabeba maana ya ziada: mjanja, mwenye maneno mengi, mtu wa kutoaminika. Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, na mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha ile iliyokuwa ya mtaani ikawa somo lenye alama.

Vijana ndio wanaobeba mgongano huo mdomoni. Msichana wa Muyinga akiongea Kiswahili na wenzake mlangoni, bibi yake anaweza kusikia jambo moja tu: kwamba mtoto anaficha maneno. Na mara nyingine bibi hajakosea. Kila kizazi cha vijana kinahitaji lugha ambayo wakubwa hawaifuati vizuri, na Kiswahili chenye maneno ya nyimbo za Bongo Fleva kinafaa sana kwa kazi hiyo. Katika familia za Kiislamu za vitongoji vya zamani mambo hugeuka: huko Kiswahili ni lugha ya baba na babu, na kijana anayetaka kujitenga atakimbilia Kifaransa au Kiingereza. Kwa wakimbizi wa Kongo walioko kambi ya Kinama, Gasorwe, Kiswahili ndicho chenye harufu ya nyumbani, na Kirundi ndicho cha wenzao wapya. Lugha yenyewe, basi, haina ukaribu wala umbali ndani yake. Inategemea nani ameachwa nje.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita haraka. Shangazi yule wa zamani sasa anaishi Bujumbura au ng'ambo ya mpaka, au naye ana watoto wake na hana nafasi. Kazi yake haikuchukuliwa na mtu. Mama ana haya, baba hathubutu, na binti anajifunza kwa wenzake. Mwezi Juni 2018 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba wasichana wanaopata mimba, pamoja na wavulana waliowapa mimba, hawataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mwezi uliofuata uamuzi huo ukafutwa. Marufuku yalidumu wiki chache, lakini yalionyesha hofu iliyomo majumbani: msichana akikosea mara moja, uhuru wake wote unarudishwa, na shule pamoja nao. Ndiyo sababu kaka yake wa miaka 15 anazunguka mji mzima naye wa miaka 17 anaulizwa kwa nini amechelewa kisimani. Wazazi wanasema wanamlinda. Tunawaamini. Lakini ulinzi usio na maneno haumfundishi la kufanya siku asipolindwa.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapojikuta katika nafasi asiyoiomba. Mwanafunzi ambaye hawezi kumwambia mama yake jambo fulani kwa Kirundi huliandika katika insha kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha ya pili hupunguza haya. Mwalimu anafungua daftari akitafuta makosa ya viambishi, anakuta siri. Afanye nini? Mwalimu si shangazi wa mtoto, na hasa mwalimu wa kiume asijifanye mmoja. Wala asilisome daftari mbele ya darasa ili kuonyesha kosa la sarufi. Ikiwa kuna hatari ya kweli, kama vile mtoto kupigwa au kutongozwa na mtu mzima, jambo hilo si la insha tena, na lipelekwe kwa anayehusika shuleni kabla ya daftari kurudishwa. Yasiyo na hatari yasahihishwe kama insha nyingine, na pembeni mwalimu aandike swali moja tu: je, nyumbani kuna mtu unayeweza kumwambia haya? Mara nyingi yupo, ila mwanafunzi hakuwa amemhesabu: mke wa mjomba, bibi, dada aliyeolewa kilima cha pili.

Kuhusu mada zenyewe, tunadhani "Familia yangu" imechoka. Kwa madarasa ya juu tungependa walimu wajaribu "Siku ya kwanza ya likizo nyumbani kwetu", au "Kazi niliyokabidhiwa", au mjadala wa darasani kuhusu kijana anayefanya kazi Kobero: pesa zake ni za nani? Mada hizi hutoa vitenzi vya kutendesha na kutendeana kwa wingi, na wanafunzi huwa na la kusema. Ila mwalimu aseme waziwazi kabla hawajaanza kuandika ni nani atakayeyasoma madaftari hayo, na kama wazazi watayaona siku ya kutoa matokeo.